Nyiragongo, kolera na dawa zilizochoka: historia ya miaka karibu hamsini

Mwaka 1977 mambo mawili yalitokea katika eneo letu la Maziwa Makuu, na wakati ule hakuna aliyeyaweka pamoja.

La kwanza wazee wa Goma wanalikumbuka. Tarehe 10 Januari mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na ziwa la moto lililokuwa juu kwenye shimo lake likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ile ilikuwa nyepesi, ikakimbia kwa kasi ya gari, ikameza vijiji vya kaskazini ya mji kabla watu hawajafunga hata mizigo.

La pili lilitokea mbali na mlima, huko Tanzania. Kolera, au kipindupindu kama wanavyosema wenzetu wa huko, ilikuwa inaenea tangu mwaka huo hadi 1978. Dawa iliyosifiwa wakati ule ilikuwa tetrasiklini, na ikagawiwa kwa wingi sana. Wagonjwa walipewa, na watu wenye afya nao walipewa ili wasiugue. Mwanzoni bakteria wa kolera walikuwa wanakufa kwa dawa hiyo. Baada ya miezi mitano watafiti wa Tanzania walipopima tena, walikuta asilimia 76 ya bakteria waliowachunguza hawaitikii tena tetrasiklini. Miezi mitano tu. Daktari Mhalu na wenzake waliandika habari hiyo mwaka 1979, na mpaka leo waganga wa dunia nzima wanaitaja wanapotaka kuonyesha namna dawa nzuri inavyoweza kuharibika kwa haraka ya watu waliotaka kuokoa maisha.

Ninaanza na mambo hayo mawili kwa sababu sisi wa Goma, Nyiragongo, Kalehe na Masisi tunaishi kati yake. Huku kuna mlima, mvua na matetemeko yanayotuondoa nyumbani. Huku kuna vijidudu ambavyo kila mwaka vinajua zaidi namna ya kuzikwepa dawa. Wasikilizaji wengi hutuuliza kwa simu: mbona dawa iliyomponya mtoto wangu wa kwanza haikumsaidia huyu wa nne? Wengine wanasema dawa siku hizi ni bandia. Ndiyo, dawa bandia zipo. Lakini jibu zima ni refu kuliko hapo, na lina historia yake hapahapa kwetu.

Tuelewane kwanza juu ya kitu kimoja. Mwili wa mtu hauzoei antibiotiki, kama wengi wanavyofikiri. Anayezoea ni mdudu. Ndani ya tumbo la mgonjwa mmoja kuna bakteria mamilioni kwa mamilioni, na kati yao wachache wamezaliwa na kinga dhidi ya dawa fulani. Ukimeza dawa hiyo, wanyonge wanakufa, wenye kinga wanabaki na nafasi yote ni yao, wanazaana. Kisha kuna jambo la ajabu zaidi: bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake kinga hiyo, hata kama si wa ukoo mmoja, kwa njia ya kipande kidogo cha urithi kinachoitwa plasmidi. Ni kama jirani anayechongesha nakala ya ufunguo na kuigawa kwa mtaa mzima. Ufunguo mmoja unaweza kufungua makufuli matatu, manne, matano. Yaani mdudu akipokea plasmidi moja, dawa tano zinaweza kushindwa kwa siku moja.

Mwaka 1978 kolera ilifika mashariki ya Zaire ikipitia ukanda wa ziwa Tanganyika, ikapanda hadi ziwa Kivu. Haijatoka tena. Mwaka uliofuata, 1979, ugonjwa mwingine ulizuka katika mashariki ya nchi yetu, nao ni kuhara damu, ule mkali unaoletwa na bakteria anayeitwa Shigella dysenteriae wa aina ya kwanza. Uliteremka Kivu, ukaingia Rwanda, Burundi na Tanzania. Sampuli zilipelekwa kuchunguzwa hadi London, na matokeo hayakufurahisha: mdudu yule alikuwa tayari na kinga dhidi ya ampisilini, kloramfenikoli, tetrasiklini na dawa za salfa. Ndizo dawa zilizokuwa katika kabati la kila kituo cha afya kijijini.

Waganga wakageukia kotrimoksazoli, ile ambayo watu wetu wanaiita Bactrim. Haikuchukua muda, mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu alikuwa amepata kinga dhidi yake. Wakaleta asidi nalidiksiki. Nayo ilifanya kazi, kisha ikaanza kushindwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 huko Burundi, watafiti waliandika kwamba kuhara damu hakusikii dawa yoyote ya kumeza iliyopatikana nchini humo. Yoyote. Hayo yote yalitokea kabla ya Julai 1994, na ni vizuri kuyakumbuka, maana tukisimulia habari za 1994 tunazisimulia kama vile ugonjwa ulishuka kutoka mbinguni.

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi huko Rwanda, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka na kuingia Goma. Siku tano. Mji wenyewe haukuwa na watu kiasi hicho. Walilala barabarani, kwenye viwanja vya shule, pembeni ya uwanja wa ndege, kisha wakapelekwa Kibumba, Katale na Mugunga. Na hapa mlima unaingia katika habari hii bila hata kulipuka. Ardhi ya kambi zile ni lava iliyoganda, yale mawe meusi tunayoita makoro. Jembe haliingii. Choo hakichimbiki. Hata kaburi halikuchimbika, maiti zilikunjwa katika mikeka na kulazwa kando ya njia mpaka wanajeshi Wafaransa walipoleta mashine za kupasua ardhi. Kibumba hapakuwa na maji kabisa, yaliletwa na magari. Walioweza walishuka ziwani na kuchota palepale ambapo wengine walijisaidia.

Kolera ilithibitishwa ndani ya siku chache. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara. Waganga waliokuja walikuta mambo mawili katika maabara. Bakteria wa kolera alikuwa sugu kwa tetrasiklini na doksisiklini, dawa zilezile zilizotajwa katika vitabu vya dharura. Na kolera ilipoanza kupungua mwezi wa Agosti, kuhara damu kulishika nafasi yake, nako ni uleule ukoo wa Shigella uliokuwa unazunguka kwetu tangu 1979, ukiwa na kinga zake zote mgongoni. Iliyobaki ilikuwa siprofloksasini. Siku zile ilikuwa ghali na haikutosha, kwa hiyo katika kambi za eneo hili waganga walilazimika kuchagua: nani apewe na nani apewe maji tu. Walianza na watoto wadogo, wazee, waliokonda na waliozidiwa. Jaribuni kufikiria kazi ya muganga mbele ya mstari kama ule.

Hapa kuna habari ambayo mimi naiona kuwa kiini cha mambo, na ambayo haisimuliwi vya kutosha. Kati ya timu zilizokuja Goma, moja ilitoka Bangladesh, nchi maskini ya mafuriko na tufani, iliyoizoea kolera kama sisi tunavyozoea malaria. Walifanya kazi katika kituo cha Katindo, na vifo vikapungua sana pale. Waliporudi kwao waliandika kwa nini vituo vingine vilishindwa. Hawakusema kwamba sababu kubwa ni dawa sugu. Walisema wagonjwa waliongezewa maji polepole mno, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari hayakutumiwa ipasavyo, aina ya seramu haikufaa, na wahudumu wengi hawakuwa wamewahi kuona kolera kali. Mgonjwa wa kolera anakufa kwa kukauka. Antibiotiki inapunguza siku za kuharisha kwa aliyezidiwa, lakini kinachomrudisha ni maji. Kwa hiyo kwa kolera, hata mdudu akiwa sugu, tunayo njia. Kwa kuhara damu, homa ya matumbo au kidonda kilichooza hatuna njia rahisi kama hiyo, na hapo ndipo usugu unaua kweli.

Miaka minane ikapita. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka tena, na safari hii lava iliingia katikati ya mji. Ilichoma soko na maduka, ikabomoa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikafika ziwani. Watu zaidi ya 100 walikufa. Wakaaji mia kadhaa ya maelfu walivuka kwenda Gisenyi usiku, na wengi wakarudi baada ya siku chache wakitembea juu ya mawe yaliyokuwa bado yanafuka moshi. Kila mtu aliyekumbuka 1994 alitegemea kolera.

Haikuja. Sijakosea kuandika. Watafiti, kati yao Mkongo Didier Bompangue, walikusanya ripoti za kila wiki za kolera kutoka Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, kuanzia 2000 mpaka 2007. Walihesabu wagonjwa 73,605 na vifo 1,612. Walipoangalia majuma yaliyofuata mlipuko wa 2002, walikuta kolera imeshuka sana. Walikuta pia kwamba vita havikuleta mlipuko wa kolera kila mara, ingawa mara nyingine vilisaidia kuusambaza. Kilichojitokeza wazi ni ziwa: maeneo ya afya yanayopakana na maziwa yalikuwa na hatari kubwa zaidi kuliko yale ya mbali.

Kwa nini 2002 haikufanana na 1994? Watu waliondoka siku chache tu na kurudi kwa ndugu, hawakukaa miezi katika kambi moja juu ya mawe. Na mashirika ya kiutu, yakiwa na kumbukumbu ya 1994, yaliwahi kutia klori katika maji. Mwanamke aliyekuwa anateremka ziwani na bidoni alikuta mtu amesimama pale na bomba dogo la klori, anamtilia kabla hajapandisha bidoni mgongoni. Kazi ndogo, isiyopigwa picha. Kila bidoni iliyotiwa klori ni mgonjwa mmoja au zaidi ambaye hakuhitaji antibiotiki, na kila antibiotiki ambayo haikumezwa ni nafasi ambayo mdudu hakuipata ya kujifunza. Ukitaka kuona uhusiano kati ya msiba wa asili na usugu wa dawa, uko hapo katika bidoni kuliko katika maabara.

Haiti ilionyesha jambo lilelile kwa upande wa pili. Tetemeko la Januari 12, 2010 liliharibu mji mkuu Port-au-Prince, na dunia nzima ikaogopa magonjwa katika kambi za mjini. Kolera ilizuka mwezi wa Oktoba, lakini ilianzia mbali na kambi hizo, katika bonde la mto Artibonite, ikiletwa na uchafu wa kambi ya wanajeshi wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal. Umoja wa Mataifa ulichelewa mpaka 2016 kuomba radhi. Bakteria yule alifika Haiti akiwa tayari sugu kwa dawa kadhaa, na nchi ambayo miundombinu yake ilikuwa imevunjika ikampokea akiwa hivyo. Msiba haukumzaa. Ulimfungulia mlango.

Turudi kwetu. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, usiku, mlima ulipasuka bila onyo la maana. Lava ilisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu wasiopungua 32 walikufa. Ardhi ikaendelea kutetemeka siku nyingi, kuta zikapasuka, na alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru kartie kumi za mji zihamwe. Mia kadhaa ya maelfu ya watu walishika njia ya Sake, ya Rutshuru, ya Minova, na wengine mashua za Bukavu.

Katika ghasia zile wachache walizungumzia tangi la maji. Lava iliharibu tangi kubwa na mabomba yaliyolisha sehemu ya mji, na watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji salama. Madaktari Wasio na Mipaka walilipigia kelele jambo hilo, na walikuwa na haki. Chukudu zilipakiwa bidoni kutoka ziwani, na bei ya bidoni ikapanda. Sake, mahali walipokimbilia maelfu kwa siku mbili, panajulikana kwa kolera miaka na miaka.

Sasa tuseme wazi kinachotokea kwa dawa familia inapokimbia. Mtoto ameanza matibabu ya siku saba, na siku ya tatu mnaambiwa mwondoke. Chupa ya dawa ya maji inabaki juu ya kabati. Au imekuja, lakini mtoto amepata nafuu njiani, basi mama anaihifadhi kwa ajili ya mwenzake atakayeugua kesho, maana kesho haijulikani. Mkifika kambini karatasi ya matibabu imepotea. Muganga mpya hajui mtoto alipewa nini, naye anaanza upya, mara nyingi na dawa ileile iliyokwisha kushindwa. Kituo cha bure kina mstari wa watu mia mbili, na pembeni ya njia kuna kijana mwenye kisanduku: amoksisilini, Flagyl, sipro, doksi, vidonge vya rangi mbili visivyo na jina. Mama ana pesa ya vidonge vinne, anauziwa vinne. Ugonjwa unapungua kidogo, wanyonge wamekufa, wenye kinga wamebaki.

Simlaumu mama huyo. Nasikia mara nyingi kwenye mikutano, katika hoteli nzuri za mji huu, watu wakisema wananchi wanatumia dawa ovyo na wanahitaji kuhamasishwa. Mimi naona mama amefanya hesabu sahihi kwa pesa aliyokuwa nayo. Hesabu isiyo sahihi ni ya wale wanaojua kwamba mji wa watu zaidi ya milioni moja ulioko kando ya ziwa kubwa unakunywa maji ya ziwa hilo bila kusafishwa, na wanaleta klori pale tu mlima unapolipuka.

Kuna pia dawa za msaada. Baada ya kila msiba mkubwa duniani, masanduku ya dawa hufika kutoka pande zote, mengine yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna anayeisoma, mengine yamebakiza miezi michache kuharibika. Antibiotiki zenye nguvu, ambazo zingepaswa kuwekwa kwa mgonjwa wa mwisho aliyeshindikana, zinatolewa kwa kikohozi kwa sababu ndizo zilizopo. Siku mashirika yanapoondoka, mabaki yanaonekana sokoni.

Na kuna vidonda. Siku ya Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko huko Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe, mito ilifurika na milima ikaporomoka. Bushushu na Nyamukubi zilifutwa pakubwa. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, na maelfu ya watu hawakuonekana tena. Waliotolewa hai walikuwa wamekatwa na mabati, mawe na mbao ndani ya tope. Tope la mafuriko si udongo tu, limebeba vyoo vya kijiji kizima na mizoga ya mifugo. Kidonda cha namna hiyo kikishonwa haraka kinafunga uchafu ndani. Waganga wa upasuaji wa misiba wanafundisha kukiosha kwa maji mengi, kukata nyama iliyokufa, kukiacha wazi siku kadhaa, kutoa chanjo ya pepopunda, ndipo kishonwe. Mahali ambapo hakuna maji ya kuosha wala mikono ya kutosha, watu wanategemea sindano ya antibiotiki ifanye kazi ya sabuni na kisu. Haiwezi. Bakteria ndani ya nyama iliyokufa hawafikiwi vizuri na dawa, kwa kuwa damu haipiti pale. Wanapata dawa kidogo kidogo, kiasi cha kuwafundisha, si cha kuwaua. Kisha majeruhi anapelekwa hopitali kubwa, analazwa karibu na aliyepasuliwa jana.

Huo ndio upande wa pili wa uhusiano, ambao watu wanausahau. Msiba unaukuza usugu, lakini usugu nao unaukuza msiba. Mguu ambao ungepona kwa dawa ya bei ndogo unakatwa. Mtoto mwenye utapiamlo, aliyeponea maporomoko, anakufa mwezi mmoja baadaye kwa maambukizo ya damu ambayo hayakusikia dawa ya kwanza wala ya pili. Yeye hahesabiwi katika idadi ya waliokufa kwa mafuriko. Hesabu ilikwisha kufungwa.

Je, tunajua hali ya wadudu wetu ikoje? Kwa kolera tunajua kiasi. Watafiti wa taasisi ya taifa INRB ya Kinshasa na wenzao walichunguza bakteria 1,093 wa kolera waliokusanywa nchini kati ya 1997 na 2012, wakakuta usugu ukiongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Kwa homa ya matumbo, Kinshasa ilipata onyo mwishoni mwa 2004 na mwanzo wa 2005: wagonjwa walifika wakiwa wametoboka utumbo, na mdudu aliyewatoboa alikuwa sugu kwa dawa nyingi za kawaida. Mwaka 2019 watafiti waliripoti tena kutoka nchi yetu aina ya Salmonella inayoingia katika damu ya watoto, yenye kinga dhidi ya karibu dawa zote zinazotumiwa.

Lakini angalieni habari hizi zimetoka wapi. Nyingi zimetoka Kinshasa au katika maabara za ng'ambo, miaka baada ya tukio. Kupima kama mdudu anasikia dawa kunahitaji sampuli, umeme wa kudumu, mtu aliyefundishwa na siku mbili au tatu za kusubiri. Wakati wa msiba hayo yote ndiyo yanayokosekana kwanza. Goma sasa ina maabara ya INRB, na hilo ni jambo jema kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1994 jibu lilitegemea wageni. Maabara iliyo hapa, ikifanya kazi hata mwaka usio na msiba, inaweza kumwambia muganga wa Karisimbi au wa Minova mapema: mwaka huu dawa hii achana nayo, tumia ile. Kwa sharti kwamba sampuli za Kalehe na Masisi zifike, na barabara tunazijua.

Tangu 2022 vita vimewajaza watu katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, tena juu ya makoro, tena vyoo vya kujengwa juu ya mawe badala ya kuchimbwa, na kolera ikarudi mwishoni mwa mwaka huohuo. Mwanzoni mwa 2025 kambi zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Wengine walikuta kituo cha afya cha kijiji kimeporwa, kitanda hakipo, friji haipo, daftari la wagonjwa limechanwa kuwashia moto.

Kwa mliorudi, na kwa mnaosubiri bado katika nyumba za watu, haya ndiyo waganga wanatuomba kuyarudia hewani. Anayeharisha maji kama ya mchele aanze kunywa SRO palepale, kabla ya safari ya kwenda kituoni na hata akiwa njiani, na kama pakiti haipo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari visivyojazwa kilele, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anayeharisha damu asinunue dawa kwa kisanduku, afike kwa muganga, maana hapo uchaguzi wa dawa ni kitu kizito. Karatasi ya matibabu ikunjwe pamoja na kadi ya mpiga kura na kadi ya chanjo ya mtoto, ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, ule mfuko ambao kila familia ya hapa inaujua, unaotangulia kushikwa ardhi inapotetemeka. Na kama hakuna karatasi, hifadhini hata ganda la plakete mlilomaliza. Muganga atakayelisoma atajua mahali pa kuanzia.